Kusoma alama za kiwandani kwenye Camaro ya 1969

Rafiki yangu aliniomba nimsaidie kujua kama injini ya Camaro yake, gari la Chevrolet, ndiyo iliyotoka nayo kiwandani Norwood, Ohio. Nilimkuta ameshashika brashi ya waya. Kama nawe umeishika, iweke chini. Sehemu kubwa ya historia ya gari hili iliandikwa kwa krayoni, chaki na rangi ya kupakwa harakaharaka, na ikishafutika hairudi.

Hatua ya 1: Namba ya gari

Iko kwenye kibati juu ya dashibodi na husomeka kupitia kioo cha mbele. Ikianza na 124379N, 1 ni Chevrolet, 24 ni Camaro ya V8 (injini ya silinda nane), 37 ni bodi yenye paa la bati (67 ni ya paa la kukunja), 9 ni 1969 na N ni Norwood. L ingekuwa Van Nuys, Los Angeles. Tarakimu sita za mwisho ni namba ya mfululizo.

Hatua ya 2: Kibati cha bodi

Kimepigwa ribiti kwenye ukuta wa bati ulio nyuma ya injini. Humo 04B ni tarehe ya kuundwa bodi: wiki ya pili ya Aprili. Magari ya Norwood yaliyoundwa kuanzia Desemba 1968 yana pia misimbo inayoanza na X: X33 na X77 ni ya Z/28, toleo la Camaro lililolenga mbio. Van Nuys hawakuiweka, kwa hiyo kukosekana kwake kwenye gari la huko hakuthibitishi chochote.

Hatua ya 3: Rangi, chaki na krayoni

Hapa usiwe na haraka. Piga picha kabla ya kugusa kitu, taa ukiilaza ubavuni ili maandishi hafifu yajitokeze. Kisha banjua grisi kwa kipande cha plastiki, umalizie na kitambaa laini na maji ya sabuni, eneo la kiganja kwa wakati mmoja. Usitumie mafuta ya taa, kwa sababu krayoni ni nta na itayeyuka pamoja na uchafu. Mashine ya maji ya presha siitaki kabisa karibu na gari ambalo halijasomwa.

Ukishaona alama, jiulize ilimsaidia nani. Mistari ya rangi kwenye springi na propela (mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma) ilimwezesha mfanyakazi kuchukua kifaa sahihi kati ya vinavyofanana, bila kusoma namba. Tone la rangi juu ya nati mara nyingi ni la mkaguzi aliyehakikisha imekazwa. Namba kubwa za krayoni kwenye bati zilielekeza bodi ifungwe nini.

Angalia pia tabaka. Fisher Body, kitengo cha bodi cha General Motors, ndio waliounda na kupaka rangi bodi, kisha Chevrolet wakafunga injini na miguu ya gari. Alama iliyo chini ya rangi ya bodi ni ya kazi ya mwanzo. Iliyo juu yake ni ya baadaye, na inaweza hata kuwa ya fundi wa jana. Kwa vifaa, fuata mchirizi wa rangi. Kama umeelekea pembeni au juu, kifaa kilipakwa kikiwa kimelazwa, kabla ya kufungwa. Mistari iliyonyooka mno na kingo safi hunitia shaka, maana wanaorudisha magari kwenye hali ya zamani huichora upya.

Usihukumu kwa rangi moja tu. Mpangilio wa rangi ulibadilika, na springi ya dukani huja na mistari yake.

Hatua ya 4: Injini

Nyuma ya bloku, karibu na inapofungwa gia boksi, kuna tarehe iliyosubiwa pamoja na chuma, yaani ilitokea chuma kilipomiminwa kwenye kalibu. C 25 9 ni Machi 25, mwaka unaoishia na 9. Bloku namba 3970010 ilisubiwa miaka mingi, hivyo hiyo 9 yaweza kuwa 1979.

Kinachoamua ni maandishi ya kugongwa mbele ya silinda hedi ya upande wa abiria (kulia, maana usukani uko kushoto). V0405DZ ni kiwanda cha injini cha Flint, Aprili 5, injini ya inchi za ujazo 302 ya Z/28. Kuanzia modeli za 1970 herufi za mwisho zilikuwa tatu, kwa hiyo mbili zinakurudisha 1969 au nyuma. Pembeni yake tafuta 19N ikifuatiwa na namba ya mfululizo ya gari lako. Uso wenyewe uwe na mikwaruzo myembamba inayokwenda mbele-nyuma. Ukiwa laini kama kioo, ulichongwa, na namba huenda ziligongwa upya.

Hatua ya 5: Panga tarehe

Kusubiwa kwanza, kuunganishwa kwa injini kufuate, kisha gari. Bloku iliyosubiwa Mei haikuzaliwa na bodi ya 04B, hata kama muuzaji ana karatasi nzuri kiasi gani.