Shingo nyeusi haisuguliki: namna ya kukagua ngozi nyumbani

Anza na mwanga. Ukitaka kumkagua mtu ngozi, mtoe uani au mweke mlangoni mchana. Balbu za njano na zile taa za rangi za sebuleni zinadanganya. Afute poda, aoshe mafuta. Na kama anapaka mkorogo aseme mapema, bila aibu: wenye steroidi huficha vipele na huacha michirizi, na ukipakwa mwili mzima kwa muda mrefu unaweza hata kupandisha sukari. Wenye zebaki huumiza figo.

Tena usitafute wekundu unaoandikwa vitabuni. Kwenye ngozi yetu nyeusi, wekundu huo mara nyingi hujitokeza kama weusi uliokoza au zambarau, au unahisi joto na uvimbe tu. Kwa hiyo gusa, kwa mgongo wa mkono.

Sasa shingo. Mimi ni muuguzi, na kwenye kliniki ya kisukari shingo ndiyo inayonisemea kabla mgonjwa hajakaa. Mama mmoja alimleta bintiye akiwa amechukia: "Sista, huyu haogi. Shingo hii nimeisugua mpaka kwa jiwe la miguu." Binti kainamisha kichwa. Nikachovya pamba kwenye spiriti, nikaipitisha kwenye mikunjo kwa nguvu kidogo, nikamwonyesha mama. Pamba nyeupe vilevile.

Fanya hivyo nyumbani. Uchafu utatoka. Usipotoka, na ngozi imekuwa nene, laini kama mahameli, kagua na kwapa na mapajani kwa ndani. Mara nyingi maana yake ni kwamba insulini, ile homoni inayoshusha sukari kwenye damu, haifanyi kazi sawasawa, kongosho linaizalisha kupita kiasi, na ile ya ziada inachochea seli za ngozi kukua. Kapime sukari asubuhi, ukiwa hujala kwa saa 8 au zaidi. Kipimo cha 7.0 mmol/L kwenda juu ni kisukari, ingawa kama huna dalili nyingine kitarudiwa siku nyingine. Kati ya 6.1 na 6.9 ni onyo, na hapo ndipo ninapopenda kumpata mtu. Uzito ukipungua, weusi nao hufifia polepole. Jiwe liacheni, linaongeza weusi. Ila mtu mzima mwembamba, shingo imebadilika ghafla na anazidi kukonda, huyo asiishie kwenye sukari. Amwone daktari haraka, kwa kuwa saratani ya tumbo nayo huweza kuleta hali hiyo.

Macho yana mtego wake. Wengi wetu tuna ukahawia kwenye sehemu ya jicho inayopigwa jua, na watu huutilia hofu bure. Mwambie atazame chini, inua kope ya juu, uangalie sehemu iliyokuwa imefunikwa. Manjano ya kweli huenea mpaka huko, na hata chini ya ulimi. Uliza na mkojo: ukikoza kuwa kahawia huku choo kimepauka, huenda njia ya nyongo imeziba. Manjano pamoja na homa ni hospitali siku hiyohiyo, na mtoto mchanga mwenye manjano vilevile. Habari za kuchanjwa chale zisubiri. Ukiwa hapohapo, vuta kope ya chini na utazame viganja: vikipauka, omba kipimo cha damu.

Miguu ikivimba, bonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, hesabu mpaka kumi. Shimo likibaki, moyo, figo na ini vichunguzwe. Uso unaovimba asubuhi hunifanya niwaze figo kwanza.

Kuwashwa mwili mzima kwa wiki nyingi bila kipele chochote kunaweza kutoka kwenye figo, ini au tezi ya shingoni. Lakini jamani, kwanza ondoa upele wa kawaida: kama mnajikuna usiku nyumba nzima, hasa katikati ya vidole, ni huo.

Mkanda wa jeshi, yale malengelenge yenye maumivu upande mmoja wa mwili, ni virusi vya tetekuwanga vilivyokuwa vimelala kwenye neva. Kijana akiupata, apime na VVU. Dawa hufanya kazi vizuri ikianza ndani ya saa 72, na ukikaribia jicho usingoje hata kesho.

Ukienda kituoni, piga picha kabla, mchana, na nyingine baada ya wiki, pembeni ukiweka sarafu ileile ili ukubwa uonekane. Beba dawa zote unazotumia, na kopo la mkorogo nalo. Wakikuandikia mafuta ya kupaka tu kwa ile shingo, usiondoke dirishani kabla hujauliza: "Na sukari, nipimiwe wapi?"