Kuunda modeli ya jahazi la Lamu kwa kipimo cha 1:30

Modeli nyingi za majahazi zinazouzwa madukani zina mlingoti uliosimama wima, misumari mikubwa kupita kiasi na vanishi inayong'aa. Jahazi la kweli haliko hivyo. Mwongozo huu ni wa modeli ya sentimita 50, yaani chombo cha mita 15.

Hatua ya 1: Pima chombo chenyewe

Mafundi wa Matondoni (Lamu) na Nungwi (Unguja) huunda kwa jicho bila mchoro, kwa hiyo vipimo utavipata kwenye chombo. Nenda maji yakiwa yamekupwa na jahazi limekaa mchangani. Tandaza kamba sambamba na mkuku (uti wa mgongo wa chombo), kisha kila mita moja shusha timazi kutoka ukingo wa juu. Pima umbali kutoka uzi wa timazi hadi ubavuni, kila sentimita 30 kwenda chini. Chombo kikiwa kimeinama upande, timazi itakudanganya. Chagua kilichoegemezwa magogo pande zote mbili. Piga picha ubavuni, omo (mbele) na tezi (nyuma). Gawa kila kipimo kwa 30.

Hatua ya 2: Mkuku na viunzi

Kata mkuku, hanamu (mti wa omo) na fashini (mti wa tezi) kwa mbao ngumu ya milimita 6. Hanamu ya jahazi la Lamu imesimama karibu wima, na tezi imekatwa bapa. Usichonge omo iliyolala kama ya vyombo vya Kiarabu. Simamisha viunzi (mbavu za modeli) 9 vya plaiwudi ya milimita 4, kila kimoja sentimita 4.5 kutoka mwenzake. Lainisha kingo kwa msasa namba 120 uliogundishwa kwenye kibao, halafu laza ufito mwembamba kutoka omo hadi tezi. Ufito uguse kila kiunzi. Pakiwa na mwanya, bandika kipande cha karatasi ngumu. Pakiwa na kinundu, punguza. Kosa lolote hapa litaonekana kwenye mbao za nje, na msasa hautalifuta.

Hatua ya 3: Mbao za ubavuni

Hapa ndipo kazi ilipo. Ubao halisi wa sentimita 20 kwa 4 unakuwa milimita 6.7 kwa 1.3. Msaji unafaa. Mvule una vinyweleo vikubwa mno kwa kipimo hiki, na vumbi lake linawasha pua, hivyo ukiutumia vaa barakoa.

Zungushia ukanda wa karatasi kwenye kiunzi cha katikati, kutoka mkuku hadi ukingo wa juu. Tuseme umepata milimita 120: hizo ni mbao 18. Rudia kwenye hanamu. Ukipata milimita 81, gawa kwa 18: kila ubao upunguzwe hadi milimita 4.5 mbele. Asiyepunguza hujikuta mbao zinapanda juu kwenye omo na kuacha pembe tatu zisizozibika. Hesabu ikishuka chini ya nusu ya upana wa kawaida, usilazimishe. Katisha ubao mmoja na uunganishe mwenziwe mpana zaidi mahali pake.

Loweka ubao dakika 20 kwenye maji ya moto, ukunje juu ya bomba lenye joto, kisha uubane mahali pake ukauke kabla ya kutia gundi. Ubao uliogundishwa ukiwa mbichi husinyaa na kufungua mishono. Bandika mmoja kulia, mmoja kushoto. Ukimaliza upande mmoja kwanza, mkuku utapinda. Tumia gundi nyeupe ya mbao.

Kabla ya kubandika, pitisha penseli laini kwenye ukingo mmoja wa ubao. Mstari huo mwembamba ndio kalafati yako (pamba ya kuzibia mishono).

Hatua ya 4: Misumari

Kichwa cha msumari cha sentimita 2 ni milimita 0.7 tu. Toboa kwa keekee ya 0.6, sukuma waya wa shaba, kata, sugua. Weka miwili kwa kila taruma (ubavu wa ndani wa chombo halisi), mataruma yakiwa kila milimita 13. Anayetaka mtepe, chombo cha kale, asahau hatua hii: mtepe ulishonwa kwa kamba za nazi, na tanga lake lilikuwa la mkeka, la pembe nne.

Hatua ya 5: Rangi

Chini ya maji ni nyeupe, kwa shahamu (mafuta ya mnyama) na chokaa. Tumia rangi isiyong'aa. Juu paka mafuta ya kitani, mkono mmoja mwembamba, yafanane na mbao zilizopakwa sifa (mafuta ya papa).

Hatua ya 6: Mlingoti na tanga

Mlingoti huinamia mbele. Chukua pembe kwenye picha ya ubavuni. Foromali, mti unaobeba tanga, ni miti miwili iliyopishana na kufungwa kamba: kwenye modeli pishana sentimita 12, funga mahali 5. Usitengeneze ngazi za kamba kama za merikebu za Kizungu, wala safu za vikamba vya kupunguzia tanga.

Jarari (kamba ya kupandishia foromali) iwe uzi wa milimita 1.2, demani (kamba ya kuvutia tanga) 0.8, vyote vya kahawia, vilivyopitishwa kwenye nta ili manyoya yalale. Kapi zichonge kwa mti wa mpera. Tanga likatwe kwenye shuka ya pamba iliyochakaa, lichovywe kwenye chai hafifu, na mistari ya mishono ichorwe kila sentimita 2.5, sambamba na ukingo wa nyuma.

Mwisho, kata mtu wa karatasi wa milimita 57 umsimamishe karibu na kana (mpini wa usukani). Mkono wake usipoifikia, usukani au sitaha umekosea kipimo.