Namna ya kupanga bajeti ya kompyuta ya gemu ukiwa Zanzibar

Anayetaka kompyuta ya gemu mara nyingi huanza kwa kuulizia bei ya kadi ya grafiki, yaani kile kipande kinachochora picha za gemu kwenye skrini, kisha akaijenga bajeti yote juu ya jibu alilolipata Darajani au Kariakoo. Utaratibu huo humpeleka kombo, kwa sababu kiasi kinachofaa kutumiwa huamuliwa na mambo mawili ambayo muuzaji hayajui: skrini utakayoitazama na umeme wa nyumba utakamochezea.

Anza na skrini. Ile ya pikseli 1920 kwa 1080 ina jumla ya pikseli zipatazo milioni 2, ya 2560 kwa 1440 inakaribia milioni 3.7, na ya 4K inapindukia milioni 8. Kadi hulazimika kuzichora zote upya kwa kila picha, kwa hiyo anayetoka ya kwanza akaenda kwenye 4K anaizidishia kadi kazi takriban mara nne, na bei hufuata. Vilevile, ikiwa utaichomeka kompyuta kwenye runinga ya nyumbani inayoonyesha picha 60 kwa sekunde, fedha ulizoongeza ili upate kadi ya kutoa picha 144 zitakuwa zimekwenda bure. Kwa maoni yangu, anayenunua kompyuta yake ya kwanza asivuke 1920 kwa 1080.

Baada ya hapo andika majina ya gemu unazozicheza kweli, si zile unazozisikia zikisifiwa. Anayecheza eFootball na Counter-Strike 2 hahitaji mashine ya anayetaka kuiona Cyberpunk 2077 katika uzuri wake wote. Tazama mahitaji yanayopendekezwa na watengenezaji wa gemu husika, wala usiridhike na yale ya chini kabisa, kisha uichukue gemu nzito kuliko zote katika orodha yako iwe kipimo. Kwa wanaocheza mtandaoni kuna jambo la kuzingatia zaidi: Counter-Strike ina seva (kompyuta zinazoendesha mechi za mtandaoni) Johannesburg, na ucheleweshaji unaotokana na umbali wa kutoka hapa hadi huko haupunguzwi na kadi yoyote, hata ikiwa ya bei gani. Ukiona mchezaji wako anachelewa kuitikia, kagua kwanza intaneti yako.

Suala la umeme ndilo linalosahauliwa zaidi, na ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Unguja hupata umeme wake kutoka Bara kwa nyaya za baharini zinazofikia Fumba, na Pemba imeunganishwa na Tanga tangu mwaka 2010. Aliyekuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 anakumbuka hitilafu moja ilivyotuweka gizani kwa miezi. Siku za kawaida tatizo huwa dogo zaidi lakini la mara kwa mara: umeme unakatika ghafla, unarudi kwa kishindo, au unakuwa mdogo nyakati za jioni. Kwa hiyo, UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoshika umeme unapokatika, ihesabiwe kuwa sehemu ya kompyuta yenyewe. Soma wati zake, usisome VA (volti-ampea, namba kubwa inayoandikwa kwenye boksi) peke yake, kwani UPS ya VA 1000 mara nyingi hubeba wati 600 tu. Kazi yake ni kukupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima salama.

Kadiria pia uniti. Mashine inayokula wati 300 kwa saa 4 kila siku hutumia uniti 1.2, yaani uniti 36 kwa mwezi, na mzazi anayelipia umeme ana haki ya kuelezwa jambo hilo kabla ya ununuzi.

Tuchukulie una shilingi 2,500,000. Ningetenga 500,000 mwanzoni kwa ajili ya UPS, nauli ya mzigo kwenye boti na akiba ya kumlipa fundi wa kusafisha, maana unyevu na chumvi ya bahari huleta kutu haraka. Katika 2,000,000 zinazobaki, skrini, kibodi na mausi zichukue 400,000, kadi ya grafiki ipate kama 600,000, na milioni moja ibakie kwa prosesa (ubongo wa kompyuta), mazabodi (bodi kuu inayounganisha vipande vyote), RAM (kumbukumbu ya muda) ya gigabaiti 16, SSD (diski ya kuhifadhia gemu), kasha na pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta).

Ikiwa fedha ni kidogo zaidi, kompyuta ya ofisini iliyotumika inaweza kufaa. Hata hivyo, pawa saplai yake huwa ndogo na ya umbo la pekee, hivyo tafuta kadi isiyozidi wati 75, ambayo hupata umeme wake wote kupitia mazabodi. Kagua na prosesa: Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, isipokuwa kwa prosesa chache, haizikubali rasmi za Intel zilizotangulia kizazi cha 8. Muombe muuzaji aiwashe gemu nzito kwa nusu saa mbele yako.

Pale bajeti inapokataa kutosha, ahirisha vile vinavyoongezeka baadaye bila ya kubomoa mashine: anza na kipande kimoja cha RAM cha gigabaiti 8 na SSD ndogo, au uichukue kadi ya daraja la chini. Usipunguze kwenye pawa saplai, kwa sababu ya ovyo ikiungua inaweza kuondoka na mazabodi pamoja na kadi.