Kadi za Mkono Zenye Miinuko: Wavu wa Vitunguu, Boksi na Gundi Nyeupe

Kadi yenye miinuko hupendeza kwa kivuli kuliko kwa rangi. Isimamishe karibu na dirisha, mwanga uipige ubavuni, na hata mstari wenye kina cha nusu milimita utaonekana. Ipeleke chini ya taa ya dari, mstari uleule unatoweka. Kwa hiyo rangi moja au mbili zinatosha, na kazi yote ya hapa chini ifanyiwe dirishani.

Jambo la pili ni la kushika tangu mwanzo: usipake kitu chenye maji kwenye kadi yenyewe. Miinuko itengenezwe kwenye kipande cha pembeni, kikauke, kinyooshwe, kikatwe, ndipo kibandikwe. Kikiharibika unatupa kipande na kadi inabaki safi. Wengi wanaoanza hupaka moja kwa moja kwenye kadi iliyokwisha kukunjwa, halafu wanashangaa kwa nini haifungi.

Vitu vya kukusanya

Karatasi ya manila ya gramu 200 hadi 250 kwa mita ya mraba ndiyo ya kadi. Kwa vipande vya pembeni, gramu 160 zinatosha. Ukiwa mjini, pita kwa wachapishaji wa River Road, Nairobi, uulize mabaki ya karatasi nzito. Mara nyingi ni vipande ambavyo kwao ni takataka, na kwa kadi ndogo vinatosha kabisa.

Kutoka nyumbani: gundi nyeupe, poda ya mwili isiyo na mafuta au chaki, uma, kitana kikuukuu, gunzi la mahindi lililokauka, kamba ya katani, kipande cha lesi ya pazia, sponji, biro iliyokwisha wino, rula ya chuma, kisu cha kukatia karatasi na kifimbo cha chapati. Mama mboga muombe ule wavu mwekundu unaokuja na vitunguu kutoka sokoni. Uoshe kwa sabuni na uuanike. Usiupige pasi, ni plastiki na utayeyuka. Chombo chochote cha jikoni kitakachogusa rangi au gundi kisirudi kwenye chakula, kwa hiyo tafuta kijiko na chujio la chai ambavyo hutavihitaji tena. Kifimbo cha chapati kinaweza kurudi, mradi kimeviringishiwa kitambaa wakati wote.

Hatua ya 1: Kata na kunja

Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297. Ikate katikati upate vipande viwili vya 148 kwa 210. Kila kimoja ukikikunja kati unapata kadi ya 105 kwa 148, ambayo inaingia kwenye bahasha ya C6 (114 kwa 162).

Kabla ya kukata, tafuta mwelekeo wa nyuzi za karatasi. Ipinde kidogo bila kuivunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Upande unaokubali kupinda kwa urahisi ndio unaofuata nyuzi, na mkunjo wa kadi uende sambamba nazo. Ukikunja kwa kuzikata nyuzi, mgongo wa kadi hupasuka vijipande vyeupe na kadi hujifungua yenyewe mezani.

Pima katikati, weka rula, pitisha biro isiyo na wino mara mbili kwa nguvu ya wastani. Karatasi itapata mfereji upande mmoja na kituta upande wa pili. Kunja kituta kikiwa ndani, mfereji ukiwa nje, kisha sugua mkunjo kwa mgongo wa kijiko juu ya karatasi safi ili usiache mng'aro.

Sasa kata vipande vya pembeni, kila kimoja milimita 95 kwa 138. Kikibandikwa kinaacha pambizo ya milimita 5 kila upande. Kwa sasa vikate vikubwa zaidi kwa sentimita moja kila upande. Utavipunguza vikikauka, kwa sababu kingo ndizo huharibika kwanza.

Hatua ya 2: Koroga rojo

Vijiko vikubwa 2 vya poda, kijiko kikubwa 1 cha gundi nyeupe, na rangi ya maji au ya akriliki kiasi cha nusu kijiko cha chai ukitaka rojo lenye rangi. Mimina gundi kwanza, kisha ongeza poda kidogokidogo ukikoroga polepole, isiruke ukaivuta puani. Rojo liwe laini kama siagi iliyokaa nje ya friji: ukiinua kijiko, kilele kinasimama bila kuanguka. Likiwa gumu, ongeza maji kwa matone. Kiasi hicho kinatosha vipande vitatu hivi.

Ukitumia chaki, iponde na uipitishe kwenye chujio la chai. Punje moja tu isiyopondwa itachora mfereji mrefu kila unapolainisha.

Unga wa ngano unapendekezwa sana, na kwa kazi ya shule ya siku moja haudhuru. Kwa kadi ambayo mtu ataihifadhi, uache. Huvuta wadudu, na wakati wa mvua huota ukungu. Hamira ya unga ya keki nayo hutoa povu ikikutana na unyevu, na uso unajaa vitundu.

Hatua ya 3: Pitisha rojo kwenye wavu

Bandika kipande cha pembeni mezani kwa selotepu pande zote nne. Tandaza wavu juu yake, uvute mpaka uwe bapa, nao uubandike. Hapa ndipo kazi huharibika. Wavu ukiinuka hata kidogo, rojo hupenya chini yake na vile vijumba vya almasi hugeuka madoa.

Chota rojo kwa kadi ya plastiki iliyokwisha muda, iinamishe, kisha vuta kwa mkupuo mmoja kutoka juu kwenda chini. Unene usizidi milimita 1. Usirudie zaidi ya mara mbili. Kila unaporudi unasukuma rojo chini ya nyuzi. Bandua selotepu ya upande mmoja na uinue wavu papo hapo, wima, bila kuuburura. Futa wavu kwa gazeti kwanza, ndipo uuoshe kwenye ndoo. Rojo lenye chaki likimwagwa kwenye sinki hutulia kwenye bomba na kuganda.

Si lazima ujaze kipande kizima. Wavu ulioshika theluthi ya chini tu, na juu pakabaki wazi, mara nyingi unapendeza zaidi.

Bila wavu, paka rojo lenye unene wa milimita 1 hadi 2, kisha lichore likiwa bichi. Kitana hutoa mistari sambamba, ukikiyumbisha, mawimbi. Uma hutoa mistari mipana, na ukiupitisha mara ya pili kwa pembe ya mraba unapata mfumo wa mkeka. Gunzi huviringishwa mara moja tu, kutoka ukingo hadi ukingo, na vile vishimo vyake hujipanga safu kwa safu. Lilainishe kwanza kwa maji, vinginevyo litanyakua rojo lote.

Acha rojo likauke kivulini. Siku kavu ya Januari saa 5 zinatosha. Kwenye baridi ya Julai, au mvua za Oktoba hadi Desemba, liache hadi kesho yake. Jua kali hukausha juu kabla ya ndani, na hapo nyufa hutokea. Nyufa pia ni dalili ya gundi kidogo au unene uliozidi. Ukiona unga unabaki kidoleni baada ya kukauka, gundi haikutosha. Paka juu yake gundi iliyochanganywa na maji kiasi sawa, tabaka moja jembamba.

Kipande kitajikunja kuelekea upande wa rojo, kwa kuwa rojo husinyaa likikauka. Kigeuze, paka mgongo wake gundi hiyohiyo iliyopunguzwa, kisha kilaze kifudifudi juu ya taulo, weka ubao na vitabu viwili juu, usiku kucha. Mgongo nao ukisinyaa, kipande hunyooka. Usiweke vitabu moja kwa moja juu ya miinuko.

Hatua ya 4: Onyesha miinuko

Chovya brashi ngumu kwenye rangi, kisha ifute gazetini mpaka ionekane kama haina kitu. Ipitishe ikiwa imelala, kwa wepesi. Rangi hushika vilele tu na mabonde hubaki na rangi ya chini. Kosa la kila mara ni brashi yenye maji: rangi huteremka kwenye mabonde na miinuko inafutika machoni.

Wengine husugua dawa ya viatu ya kahawia ili kadi ionekane ya kale. Inavutia siku ya kwanza, lakini harufu haiondoki na mafuta hupenya hadi kwenye bahasha. Afadhali rangi ya kahawia iliyopunguzwa kwa maji: paka na ufute mara moja kwa kitambaa, isipate muda wa kulainisha gundi.

Hatua ya 5: Ukitaka kadi nyingi zinazofanana

Rojo ni kazi ya kadi moja moja. Kwa kadi ishirini za harusi au za heri kwa watahiniwa wa KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya), tengeneza bamba la kupigia chapa.

Kata boksi jembamba, kama la dawa ya meno au nafaka, kwa kipimo cha 95 kwa 138. Libandikie kamba ya katani, lesi, msasa, au boksi la mawimbi lililochunwa ngozi ya juu. Vyote visizidi milimita 2 na vikaribiane kimo. Kimoja kikiwa juu sana, vya jirani yake havitagusa karatasi. Paka gundi nyeupe tabaka mbili, mbele na nyuma, na uache saa 12. Bila tabaka hizo boksi hunywa rangi na kulegea baada ya chapa chache.

Rangi ya akriliki hukauka haraka kabla hujaweka karatasi, kwa hiyo ongeza matone 3 ya glisarini ya kujipaka kwa kila kijiko cha chai cha rangi. Ukizidisha, chapa inabaki na kunata. Gonga rangi kwenye bamba kwa sponji, tabaka jembamba. Karatasi ya chapa inyunyizie maji na uiweke ndani ya taulo safi dakika 10: iwe baridi mkononi lakini isimetemete. Gazeti halifai hapa, wino wake huhamia.

Laza karatasi juu ya bamba, juu yake kitambaa safi, kisha kipande cha blanketi kilichokunjwa. Kandamiza kwa kifimbo, kutoka katikati kwenda kingoni, ukiegemeza uzito wa mwili. Chambua karatasi kwa kuanzia pembe moja. Chapa mbili za kwanza huwa hafifu, usizihukumu. Kumbuka pia kwamba kila kitu hutoka kinyume, kwa hiyo maneno usiyaweke kwenye bamba.

Bamba hilohilo likiachwa bila rangi, likawa kavu na safi, hutoa miinuko mitupu kwenye karatasi nyeupe yenye unyevu. Kwa kadi ya pole, hiyo inatosha bila nyongeza yoyote.

Majani nayo ni bamba tayari. Watu hukimbilia sukuma wiki, lakini jani lake lina nta na rangi hujikusanya matone. Lifute kwanza kwa kitambaa chenye sabuni, au tumia jani la mpera, ambalo mishipa yake imetokeza vizuri upande wa chini. Paka upande huo.

Hatua ya 6: Unganisha

Kipunguze kipande hadi kipimo chake, kisu kikipita upande wa nyuma. Kibandike kwa selotepu ya pande mbili, si kwa gundi ya maji, la sivyo kadi itajikunja na kazi ya kunyoosha imepotea.

Salamu iandike kwenye utepe wa karatasi laini wenye upana wa milimita 15, kisha uubandike. Kalamu huruka ikipita juu ya miinuko. Ndani, kunja karatasi ya kawaida ya gramu 80 iwe 100 kwa 143, uishikize kwa mstari mwembamba wa gundi kwenye mkunjo tu.

Bahasha ya C6 hubana kadi ikizidi unene wa milimita 2 hivi, kwa hiyo pima kabla ya kununua bahasha nyingi. Kama itapita Posta, weka karatasi laini juu ya miinuko na kipande cha boksi nyuma. Kwa kuuza, vifuko vya plastiki usivifikirie, kwani katazo la Kenya la Agosti 2017 linahusu hata vile bapa visivyo na mikono. Mkanda wa karatasi wenye upana wa sentimita 4, ukizungushiwa kadi na bahasha pamoja, unazishika vizuri, na mnunuzi anaweza kupapasa kadi kabla hajatoa pesa.