Jinsi ya kulinganisha bei za kruzi za familia kabla hujalipa advansi

Kila ikifika Januari simu yangu haitulii. Watu wananitumia skrinshoti za ofa za kruzi, yaani safari za kutalii kwa meli kubwa, dada angalia hii, siku saba dola mia tano na kitu kwa mtu, nichukue? Mwingine ananiambia Disney wamempa dola elfu sita kwa familia na Carnival wamempa nusu yake, sasa hao Disney wana nini cha ajabu. Januari mpaka Machi ndo msimu kampuni za meli za kitalii zinamwaga ofa kwa hiyo nawaelewa, lakini jibu langu ni lile lile, hapo bado hujapata bei, umepata tangazo. Bei ya kruzi ni ile utakayoiona kwenye bili asubuhi ya kushuka melini, na hiyo unaweza kuipiga hesabu mwenyewe ukiwa nyumbani na kikombe cha chai.

Tunaishi Houston, Texas, Galveston ni kama lisaa limoja kwa gari, na kwetu hiyo bandari ndo imetufanya tuanze haya mambo. Kwa hiyo mifano yangu mingi ni ya Galveston na Florida, ila hesabu ni ile ile popote ulipo.

Anza na umri wa watoto kabla hata hujafungua tovuti ya kampuni yoyote. Hili watu wanalirukaga wanaenda moja kwa moja kwenye bei na ndo linawala hela. Mtoto chini ya miezi 6 hapandi kabisa kwenye safari nyingi za Karibiani, na zile ndefu zenye siku nyingi mfululizo baharini wanataka awe ametimiza miezi 12. Klabu za watoto, yaani pale unapomwacha mtoto anacheza na walezi bila kulipia, Carnival wanaanzia miaka 2, Royal Caribbean na Disney wanaanzia miaka 3 na lazima awe ameshaacha nepi. Sasa fikiria una mtoto wa miaka miwili na nusu, umeona Royal Caribbean ina slaidi za maji za kuteleza sijui ngapi ukalipa, umefika klabu hawampokei, itabidi umpeleke nasari ya wadogo ambayo wanachaji kwa saa. Na bwawani mtoto mwenye nepi haruhusiwi, hata zile nepi za kuogelea, kuna kijisehemu chao cha kuchezea maji tu na sio kila meli inacho. Kwa mtoto wa hivyo zile slaidi ulizolipia ni za kuangalia tu.

Mwenye watoto wa miaka 10 mpaka 15 mambo ni tofauti kabisa, hao wanataka slaidi, kupanda ukuta, mpira wa kikapu na wenzao wa kupiga nao stori, na hapo Royal Caribbean inakuwa na thamani kubwa kuliko Disney hata bei zikilingana. Haya ni maoni yangu ila nimewaona wangu, yule wa miaka 12 hakutaka hata kunywa chai na sisi, alikuwa anakuja chumbani kulala tu.

Jambo la pili, na hili ningependa ulishike kuliko yote, linganisha meli na meli, usilinganishe kampuni na kampuni. Mtu anasema Royal Caribbean ni rahisi, ipi? Icon of the Seas iliyoanza Januari 2024 kutoka Miami ina deki 20, yaani ghorofa za meli, na ikijaa inabeba abiria 7,600, na kampuni hiyo hiyo bado ina meli ndogo za miaka ya tisini ambazo hazina hayo maslaidi wala uwanja wa barafu. Carnival hivyo hivyo, Mardi Gras iliyoanza 2021 ina treni ya kukimbia juu ya reli kule deki ya juu, na Jubilee iliyokuja Galveston mwishoni mwa 2023 ni ya aina hiyo hiyo, lakini ukikuta ofa ya Carnival bei ya kutupa mara nyingi ni meli ya zamani. Meli ya zamani sio mbaya, sisi safari ya kwanza tulipanda ya zamani na tulifurahi sana, ila usije ukaweka bei ya meli ya zamani ya kampuni moja pembeni ya meli mpya ya kampuni nyingine ukasema hawa wezi. Ukiona ofa tafuta jina la meli, mwaka ilioanza kazi, halafu angalia ramani ya deki zake. Dakika kumi tu.

Haya sasa hesabu. Chukua karatasi au eksel, kila meli safu yake. Mstari wa kwanza ni nauli ya familia NZIMA pamoja na kodi na ada za bandari, achana na ile ya kwa mtu mmoja maana huwa wanachukulia watu wawili wazima chumba kimoja. Kwa Marekani sa hivi hapa pameboreka, tangu Julai 2024 sheria ya California imezilazimisha kampuni kuonyesha bei ikiwa na kodi na ada ndani, na kampuni kubwa zimefanya hivyo kwa nchi nzima. Ila bakshishi ya wafanyakazi bado haimo! Hii ndo inawashtua watu wengi. Royal Caribbean mwaka 2025 ilikuwa dola 18.50 kwa mtu kwa siku kwenye vyumba vya kawaida, na mtoto anahesabiwa. Watu wanne siku saba ni dola 518, zaidi ya milioni moja ya kibongo, kabla hujanunua hata soda. Kampuni nyingine hazipishani sana na hapo.

Halafu soda. Carnival na Royal Caribbean maji, chai, kahawa ya kawaida na juisi za kwenye bafe ni bure, soda unalipia au unanunua pakeji. Disney soda ni bure kwenye milo na kwenye mashine za deki ya juu. Unaweza kusema soda kitu gani, lakini watoto wawili mara siku saba, kila moja inakwenda na tipu yake juu, utaona mwenyewe. Tuliwahi kupanda na kampuni ambayo sitaitaja, mtoto akawa anagusisha kadi yake ya chumba kwenye vinywaji na kwenye michezo ya video, mi sijui chochote, siku ya kushuka bili inasoma dola 230 zaidi ya nilivyopanga. Nilienda pale kaunta wakanionyesha mstari kwa mstari, kila kitu kilikuwa halali. Tangu siku hiyo tukipanda tu naenda kaunta ya wageni naomba kadi za watoto zifungwe zisinunue kitu, wanafanya na hawakuulizi mara mbili.

Weka mstari wa intaneti, mstari wa paking bandarini (wanachaji kwa siku), mstari wa matembezi kwenye visiwa, na kama unaruka kwa ndege weka tiketi na hoteli ya usiku mmoja kabla, maana ndege ikichelewa meli haikusubiri. Hapo ndo utaona kwa nini mtu wa Texas asikimbilie Miami kwa sababu nauli imepungua dola mia mbili. Galveston sa hivi unapata Carnival, Royal Caribbean, Disney kwa msimu, na MSC nao wameingia mwishoni mwa 2025, hata mtu wa Dallas anaendesha saa tano hivi kafika.

Nikupe mfano, namba nimezitunga uone tu mwendo wake. Meli ya kwanza nauli 3,000, bakshishi 518, intaneti 300, soda 250, slaidi za kisiwani na matembezi 400, paking 150. Jumla 4,618. Meli ya pili nauli 4,300, bakshishi 450, intaneti 300, paking 150, soda zimo na kisiwani hamjapanga kulipia kitu. Jumla 5,200. Ile tofauti ya 1,300 uliyoiona kwenye tangazo imebaki 582. Sasa gawanya kwa watu wanne na usiku saba, ya kwanza ni kama dola 165 kwa mtu kwa usiku, ya pili kama 186. Dola 21. Hapo sasa unaweza kukaa na mzee mkaulizana, hizo 21 tunazitaka au hatuzitaki, na mkijibu ndio au hapana mnajua mnachokijibu.

Na kwenye karatasi hiyo usiandike kitu ambacho nyie hamtakitumia. Kama hamnywi pombe, pakeji ya vinywaji ya bure kwenye ofa kwenu ni sifuri, hata kama wao wanasema ina thamani ya mamia ya dola. Norwegian, kampuni nyingine ya meli, wanapenda sana kuuza kwa mtindo huo wa kufungia vitu pamoja. Na visiwa vya kampuni angalia vizuri, pale CocoCay ya Royal Caribbean kuingia, ufukwe, bwawa kubwa na chakula cha mchana ni bure lakini lile eneo la slaidi kubwa lina kiingilio chake na bei inabadilika kwa siku. Castaway Cay ya Disney chakula kimo na ufukwe umo.

Disney wanauza nini basi? Kwanza hawana kasino, hilo wazazi wengine kwao ni kubwa, hupiti na watoto katikati ya moshi na mashine za kamari kwenda kula. Vyumba vingi choo kiko peke yake na bafu peke yake, watu wanne asubuhi mnaelewana. Jioni mnazunguka migahawa mitatu na wahudumu wenu wanawafuata, siku ya pili wanajua mtoto wako hali nyanya. Kama una wa miaka minne mitano anayewajua wale wahusika wa katuni, nakuambia kwa moyo mweupe ile furaha sijaiona kwingine. Kama hawajui wala hawajali, unalipia kitu kisichowagusa.

MSC ndo wa kuangaliwa na sisi wenye familia kubwa, maana mara kwa mara wanakuwa na ofa ambapo mtoto wa chini ya miaka 18 akiwa mtu wa tatu au wa nne chumbani analipiwa kodi na ada tu. Ila soma vizuri, wa tatu na wa nne. Mama uko peke yako na mtoto mmoja, mtoto ni abiria wa pili na analipa kama mtu mzima, kampuni karibu zote, inauma lakini ndivyo ilivyo. Bora mkaungana na dada au rafiki mwenye watoto.

Na mkiwa watano au sita msing'ang'anie chumba kimoja. Vyumba vingi ni vya watu wanne, vile vya watano ni vichache na wanajua kuvipandisha. Omba bei ya vyumba viwili vyenye mlango wa katikati, au cha ndani kisicho na dirisha kwa watoto wakubwa na cha roshani mkabala, mara nyingi inashuka kuliko chumba kimoja kikubwa, na mnapata vyoo viwili. Kile chumba cha bei rahisi ambacho kampuni inakuchagulia yenyewe namba usikichukue kama mnachukua viwili, mnaweza kuwekwa deki tofauti.

Wanaokula halali, usitegemee maneno ya ajenti. Waandikie kampuni mapema, upate jibu kwa imeili, ulitunze. Samaki na mboga zipo kila siku ila sio kitu cha kubahatisha wiki nzima na watoto.

Makaratasi nayo ni hela. Raia wa Marekani kwenye safari inayoanza na kuishia bandari ile ile anaweza kwenda na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho chenye picha. Mwenye grini kadi abebe grini kadi na pasipoti ya nyumbani, na aangalie kila nchi meli inaposimama kama wanataka viza. Ndugu zangu ambao kesi ya kuomba hifadhi ya ukimbizi Marekani bado haijaisha, tafadhali, kisiwa cha Bahamas ni nje ya nchi, kutoka bila kibali kunaweza kuharibu kesi yako yote, ongea na wakili kabla ya chochote.

Muda wa kununua. Bei zinashuka Septemba na Oktoba watoto wakiwa shule, ila huo ni msimu wa vimbunga, ambao ni Juni mpaka Novemba, na meli inaweza kubadilishiwa njia, kwa hiyo uwe tayari kupelekwa kisiwa kingine. Krismasi na likizo ya Machi ndo ghali kuliko zote. Ukishalipa advansi usifunge karatasi yako. Kuna tarehe ya kumalizia malipo, kati ya siku 75 na 120 kabla ya safari kutegemea kampuni na urefu wa safari, na mpaka hiyo tarehe kampuni nyingi za hapa bei ikishuka unapiga simu wanakurekebishia. Mi naweka alamu kila Jumanne usiku, naingia kama mteja mpya, chumba kile kile, tarehe ile ile, napiga skrinshoti. Mwaka jana wiki ya sita ilishuka dola 340, nikapiga asubuhi yake, dakika ishirini kwenye simu ikawa imetoka kwenye hela niliyokuwa bado nadaiwa.