Kabla hujakimbia Bagamoyo: tazama maji kwanza

Bagamoyo ni tambarare. Hakuna kilima cha kukutoa pumzi kati ya Ngome Kongwe na Misheni, wala kati ya mji na magofu ya Kaole, ndiyo maana wakimbiaji wengi wanaokuja kutoka Dar es Salaam mwisho wa wiki huona hakuna cha kujiandaa: viatu, chupa ya maji, basi. Kwa barabarani hilo lina ukweli kiasi. Kwa ufukweni halina hata chembe, kwa sababu ardhi ikiwa bapa bahari nayo husafiri mbali. Mahali ulipopita asubuhi kwenye mchanga mpana kama uwanja wa mpira, alasiri pana maji ya kifua.

Kwa hiyo usianze na saa ya kuamka. Anza na maji. Hujaa mara 2 na kupwa mara 2 kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Pwani hii ina mpango unaofaa kuukariri: siku za bamvua, yaani za maji makubwa, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa karibu saa 4 asubuhi. Anayetoka saa 12 asubuhi siku ya mwezi mpevu anakuta maji ndiyo kwanza yanaondoka, ufukwe ni mwembamba, na kilichobaki ni mchanga laini wa juu unaomeza mguu. Siku 3 au 4 baadaye mambo huwa mabaya zaidi, maana hapo maji yanajaa saa 12 na nusu au saa 1 asubuhi, wakati uleule uliotaka kukimbia.

Siku nzuri za alfajiri ni zile zinazotangulia bamvua. Anayefuata kalenda ya mwezi mwandamo anaweza kuhesabu bila simu: kuanzia tarehe 10 hadi 12, na 25 hadi 27, maji hupwa kati ya saa 1 na saa 2 na nusu asubuhi, jua likiwa bado la kuvumilika. Tarehe 2 hadi 4 na 17 hadi 19, achana na ufukwe asubuhi, kimbia barabarani. Wanaopenda jioni wangoje maji mafu, yaani maji madogo, mwezi unapokuwa nusu. Wakati huo maji hupwa karibu saa 10 au 11 jioni. Hayaondoki mbali kama ya bamvua, lakini mchanga mgumu wa kutosha mtu mmoja na mwenzake utaupata. Hesabu hii ni ya kupangia wiki. Ya siku yenyewe ichukue kwenye jedwali la maji la Dar es Salaam, au muulize mvuvi yeyote anayetengeneza nyavu pale bandarini.

Hapo pana mtego mmoja. Jedwali huandikwa kwa saa 24, mvuvi anakwambia kwa saa za Kiswahili. Ukisoma 0800 ukaielewa kuwa saa 8, umekosea kwa saa 6, na saa 6 ndiyo tofauti ya maji kupwa na maji kujaa. Hutakuwa umekosea kidogo, utakuwa umefika kinyume kabisa. Andika muda wako mara moja kwa namna uliyozoea na uuweke hivyohivyo hadi mwisho.

Ukishajua saa ya maji kupwa, toka saa moja na nusu kabla yake na uwe umerudi ndani ya saa moja baada yake. Sababu ni kwamba bahari haipandi kwa mwendo mmoja. Kanuni ya zamani ya mabaharia inagawa tofauti ya kimo kati ya maji kupwa na maji kujaa mafungu 12: saa ya kwanza yanapanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Chukua siku ya bamvua kubwa yenye tofauti ya mita 3.6. Saa ya kwanza maji hupanda sentimita 30 tu, unaona yamesimama. Saa ya tatu peke yake hupanda sentimita 90. Juu ya mchanga bapa, hizo sentimita 90 ni safari ya makumi mengi ya mita kuelekea nchi kavu. Tena maji hayaji kwa mstari ulionyooka. Hujaza kwanza vijito na mabonde madogo yaliyo kati yako na ufukwe, wewe ukiwa juu ya fungu la mchanga unafurahia upepo. Ukiona maji yanatembea nyuma yako, geuka saa hiyohiyo, usisubiri kumaliza kilomita. Bamvua kubwa kuliko zote huja miezi ya 3 na 9.

Kuhusu mchanga wenyewe: mgumu ni ule uliotoka majini muda si mrefu, bado una rangi ya kiza lakini hauna kioo cha maji juu yake. Ukikanyaga na kisigino kikazama zaidi ya upana wa kidole, uko juu mno au chini mno. Sehemu ya juu ya ufukwe ina mteremko kuelekea baharini, hivyo mguu mmoja huwa chini ya mwingine njia nzima. Kilomita 6 za namna hiyo upande mmoja tu huamsha maumivu ya nje ya goti na ya nyonga. Dawa ni rahisi: nenda na urudi kwenye mstari uleule, usiende kwa miguu ukarudi kwa bodaboda. Chini zaidi ni bapa, lakini pana matuta madogo ya mawimbi yanayochosha nyayo, na kadiri unavyokwenda kaskazini kuelekea mdomo wa Mto Ruvu mchanga hugeuka tope. Huko ni nchi ya mikoko. Haikimbiliki, na mto wenyewe una viboko na mamba.

Miguu mitupu inavutia, na kwa kilomita 1 au 2 za mchanga safi haina ubaya kwa aliyezoea. Mbele ya bandari vaa viatu. Pale mashua na ngalawa zinapolala maji yakipwa, kamba za nanga huvutwa kutoka chomboni hadi ufukweni, zikiwa kwenye kimo cha kifundo cha mguu, zimejaa mwani, na zina rangi ileile ya mchanga. Asubuhi kabla hakujapambazuka vizuri huzioni hadi zikukamate. Tembea eneo hilo lote. Pembeni yake kuna soko la samaki, na wakaangaji wakishawasha moto moshi na mvuke wa mafuta hutanda. Pita upande wa upepo unakotoka. Ndoano, misumari ya mashua na magamba ya chaza hupatikana zaidi hapo kuliko kwingine. Kama watu wanavuta juya, ule wavu mkubwa wa kukokota, usiruke kamba yao. Simama au zunguka nyuma yao. Na kwenye mchanga mkavu ulio kivulini, mahali mbwa na paka wanapolala, usivue viatu wala kuketi, maana minyoo yao huingia kwenye ngozi na kuacha mistari inayowasha kwa wiki kadhaa.

Maji yakikunyima ufukwe, njia zipo, na moja kati yake kwa maoni yetu ni nzuri kuliko ufukwe wenyewe. Misheni ya Kanisa Katoliki, iliyoanzishwa 1868, iko kama kilomita 2 kaskazini ya katikati ya mji, na njia ya kuingilia ina miembe mikubwa pande zote mbili. Kivuli chake huongeza karibu nusu saa kwenye asubuhi yako kabla jua halijaanza kuchoma. Ardhi ni ya udongo, laini kwa magoti, ila msimu wa maembe tazama chini: embe lililooza huteleza kama sabuni. Jumapili asubuhi watu wanakwenda misa, siyo wakati wa kupita katikati yao ukihema. Siku nyingine punguza mwendo ukikaribia makaburi na kanisa.

Mzunguko wa Mji Mkongwe ni mfupi, unaupima kwa majengo kuliko kwa kilomita: Ngome Kongwe, Barabara ya India, Boma la Wajerumani la 1897, forodha, kisha kurudi. Vichochoro vina kona kali na pikipiki zisizotoa onyo, kwa hiyo vua spika za masikioni. Anayetaka umbali azunguke mara mbili, mara ya pili akianzia upande wa pili.

Kaole iko kilomita 5 hivi kusini, kwa hiyo kwenda na kurudi unapata 10 zako. Magofu yana msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo, lakini ukifika saa 12 na nusu asubuhi usitegemee kukuta mtu wa tiketi, wala choo, wala maji. Beba ya kwako. Fuata barabara, siyo njia za miguu zinazokata kwenye mikoko. Sehemu hizo hazina watu kwa kitambo kirefu, na wageni wamewahi kunyang'anywa mali kwenye fukwe za upweke za mji huu. Nendeni wawili au zaidi, ikiwezekana na mwenyeji, na mwache taarifa mnakolala: njia gani, mnarudi saa ngapi. Saa ya bei kubwa na mkufu vibaki chumbani. Vya kubeba ni simu ndani ya kimfuko kisichopitisha maji, noti ya shilingi 10,000 ya bodaboda ikiwa mguu umegoma, na karatasi yenye jina lako na namba ya ndugu.

Mwanga nao una ratiba. Mwezi wa 11 jua huchomoza karibu saa 12 kamili asubuhi, mwezi wa 7 huchelewa hadi saa 12 na nusu na ushee. Jioni, likishazama, giza huingia ndani ya dakika 20 na kitu, na mbu huanza kazi hapohapo, hasa karibu na mikoko. Anayekimbia jioni apake dawa ya mbu kwenye vifundo na nyuma ya magoti kabla ya kutoka, jasho halijaanza.

Joto la hapa huumiza kwa sababu ya unyevu, jasho linatiririka badala ya kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Usifukuze muda wako wa Arusha au Mbeya. Kipimo kizuri ni kinywa: ukishindwa kusema sentensi nzima bila kukatika, punguza. Kunywa glasi 2 za maji kama saa 2 kabla. Kujua unapoteza kiasi gani, jipime uzito bila nguo kabla na baada. Kila kilo 1 iliyopungua ni kama lita 1 ya maji. Mbio za chini ya saa moja zinahitaji maji tu. Zikizidi hapo, chumvi inahitajika, na dafu peke yake halitoshi, lina potasiamu nyingi lakini sodiamu kidogo. Kuna mchanganyiko wa nyumbani: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Mwenzako akianza kuyumba, kujibu ovyo au kutapika, usidanganywe na jasho linaloendelea kumtoka: mlaze kivulini, mwagie maji mwili mzima, mpepee bila kukoma, na mpelekeni Hospitali ya Wilaya.

Upepo upange mbele ya njia. Wakati wa kusi, upepo utokao kusini, kuanzia karibu mwezi wa 5 hadi wa 9, anza kuelekea kusini ukiwa na nguvu, urudi unasukumwa. Wakati wa kaskazi, upepo utokao kaskazini, fanya kinyume. Ila kumbuka upepo ukiwa mgongoni huusikii, na joto hupanda ghafla, kwa hiyo maji mengi ya chupa yaache kwa ajili ya kurudi. Masika, mwezi wa 3 hadi wa 5, njia za udongo huwa na madimbwi yanayoficha mashimo, nawe hujui kina hadi umeingia.

Mavazi: bukta inayofika gotini na fulana yenye mikono inakutosha popote, mjini na ufukweni, kwa wanawake na wanaume. Wanawake wengi wa hapa hukimbia na suruali nyepesi na hijabu ya michezo. Wazee wanaoketi barazani waamkie, "shikamoo" inatamkika hata ukiwa unahema, na anayepita kimya kila siku hataelekezwa akipotea. Mwezi wa Ramadhani usinywe maji barabarani mchana. Aliyefunga atoke kama dakika 40 kabla ya magharibi, mwendo wa pole, ili adhana imkute karibu na futari.

Ukirudi, osha viatu kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, toa soli za ndani, jaza magazeti, anika kivulini. Juani gundi huachia. Badilisha magazeti baada ya saa 2, na kama utakimbia kesho yake alfajiri, uwe na jozi ya pili, kwa sababu hewa ya hapa haikaushi kiatu kwa usiku mmoja.