Darasa la muziki la mtaa, watoto na wazee pamoja: nifanyavyo hapa Mombasa

Kila baada ya miezi michache hunijia kijana, mara nyingi mpiga kinanda wa kanisani au mwimbaji wa kasida, akaniuliza: "Mwalimu, nataka kufungua darasa la muziki mtaani kwetu. Nianze kwa kununua nini?" Jibu langu huwa moja: usinunue kitu. Hapa chini naeleza nifanyavyo mimi, tangu siku ya kuzunguka mtaa hadi siku ya onyesho. Darasa langu lina watu ishirini na kitu. Mdogo wao ana miaka minane, mkubwa amepita sabini. Nimekosea karibu katika kila hatua, kwa hivyo na makosa yenyewe utayakuta humu.

Hatua ya 1: Zunguka na daftari, sikiliza

Jipe wiki mbili. Usitangaze lolote, usibandike karatasi ukutani. Kazi yako ni kujua nini kimo vinywani mwa watu. Mji huu umejaa: Kibokoni utawakuta waliokua wakisikia udi (ala ya nyuzi) na taarabu, na wenye kasida za Maulidi, Likoni na Kisauni kuna Wadigo na Wagiriama wenye kayamba, chivoti (filimbi ya Kidigo) na ngoma ya sengenya, makanisani kuna kwaya, na wazee wengi wa hapa huitambua bango (mtindo wa muziki wa dansi wa Pwani) ya Mzee Ngala kwa mapigo mawili ya kwanza tu.

Hapa ndipo wengi hukosea swali. Ukimwuliza mama wa makamo, "Je, wajua muziki?", atakwambia la. Kwetu neno "muziki" humletea mtu picha ya bendi, spika kubwa na vijana wa usiku. Niliwahi kumwuliza hivyo mama mmoja aliyekuwa barazani kwake akichambua mchele. "Mimi? Muziki? La, mwanangu, mimi ni mtu mzima." Nikabadilisha: "Haya, na arusini ulikuwa ukifanya nini, mama?" Akaweka chini konzi ya mchele, akachukua mwiko, akaanza kugonga ukingo wa ungo kama anayegonga pembe ya vugo, ngoma ya wanawake ya arusini. Hakukosa pigo hata moja. Baadaye majirani wakaniambia kwamba kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa akianzisha, na wenzake wakiitikia.

Kwa hivyo uliza habari za arusi, za unyago, za mavuno, za kwaya ya shuleni, za nyimbo za kubembelezea watoto. Chora safu tatu daftarini: anachojua, anachotaka kujifunza, na siku asizoweza. Safu ya tatu usiidharau. Mimi niliidharau, nikapanga darasa siku ambayo nusu ya kina mama wana chama.

Hatua ya 2: Mahali, saa na ruhusa

Saa kwanza. Watoto wengi hutoka shule wakaenda madrasa, basi siku za wiki hutawapata. Mimi hufanya Jumamosi baada ya Alasiri, saa kumi na robo hadi saa kumi na moja na nusu, ili kila mtu awe kwake kabla ya Magharibi. Mwezi wa Ramadhani tunafunga kabisa. Adhana ikilia katikati ya wimbo, mkono wangu hushuka na sote tunanyamaza. Sikuhitaji kuandika kanuni hiyo popote.

Mahali: tafuta chumba cha chini. Nyumba za Mji wa Kale ni nzuri, ila ngazi zake zimesimama wima, na mzee akishapanda mara moja kwa taabu hatarudi. Tazama choo. Viti viwe na mgongo lakini visiwe na mikono, kwa sababu mikono ya kiti humzuia mtu kupiga tari. Na chini ya paa la mabati, mvua ikinyesha, mwalimu hasikiki.

Ruhusa: mwone mzee wa mtaa, mwone imamu wa msikiti wa jirani, mwone na mchungaji kama yupo. Nenda mwenyewe, usitume barua. Wako wazazi wasiotaka watoto wao karibu na ala, usibishane nao. Mtoto huyo akiruhusiwa kuimba na kupiga makofi tu, basi aimbe na apige makofi, kazi ya kumtosha ipo. Kwa watoto wote chukua idhini ya mzazi kwa maandishi, wewe na wasaidizi wako mpate cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi, na pasiwe na mtu mzima mmoja peke yake na watoto. Ukitaka kufungua akaunti au kuomba msaada, sajilini kikundi chini ya sheria ya vikundi vya kijamii ya 2022. Mnahitaji wanachama wasiopungua 10. Hayo yanatosha kwa makaratasi.

Hatua ya 3: Vipindi vinne vya kwanza ni mikono na mdomo tu

Hii ndiyo hatua nisiyokubali iharakishwe. Hakuna ala. Kuna ubeti mmoja, uliotundikwa ukutani kwenye karatasi ya manila kwa herufi kubwa kama vidole:

Chombo kimetia nanga, bandari yetu ya kale
Mizigo imejipanga, kuna tende na mchele
Mahamali wanaringa, wapita mbele kwa mbele
Nao watoto wagonga, makopo kwa makelele

Nimeutunga mwenyewe kwa kazi hii, na wewe utunge wa mtaa wako. Ni shairi la kawaida: mizani (silabi) nane ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, nane utao, yaani nusu ya pili, vina vya kati na vya mwisho. Waswahili tumeshapewa somo la mapigo na washairi wetu, Muyaka bin Haji wa mji huu huu akiwa miongoni mwao, na mimi sioni sababu ya kuanza na vitabu vya ng'ambo.

Fanya hivi. Kwanza usome ubeti pole pole, kila silabi kofi moja. Cho, mbo, ki, me, ti, a, na, nga. Makofi nane, pumzi, makofi nane. Mshororo wa kwanza utapita salama. Wa pili utavunjika, na nataka uvunjike. Watoto watafika kwenye "mchele" wapige makofi mawili, m-che wakaifanya moja, halafu washangae mbona wamemaliza kabla ya bibi zao. Usiwasahihishe. Mwombe bibi mmoja alitamke neno hilo kama anayeagiza dukani: m, che, le. Tatu. Ile m ina pigo lake. Kisha waulize: na "mbele" je? Watapiga tatu kwa kujihadhari, na safari hii watakuwa wamezidisha, maana m ya "mbele" imeshikana na b, haisimami peke yake. Mabishano yatakayofuata ndiyo somo. Darasani kwangu mzee mmoja, kuli mstaafu wa bandarini, alibishana na msichana wa darasa la tano kwa dakika kumi kuhusu neno "mbwa". (Ni mawili. Msichana alishinda.)

Kipindi cha pili, gawa mwili: mguu upige mwanzo wa kila kipande, mikono ipige silabi. Cha tatu, ingiza dum na tak kama kwenye ngoma ya dumbaki: dum ni kiganja pajani, tak ni vidole kwenye ubao wa kiti. Cha nne, jaribu mwendo wa chakacha, wenye mapigo sita. Upande mmoja wahesabu mbili mbili, upande wa pili tatu tatu, na wote wakutane kwenye moja. Wazee hulifanya hili bila kufikiri, kwa sababu kiuno kinalijua. Vijana hupotea. Siku hiyo ndiyo utaona watoto wakianza kuwatazama wazee miguu badala ya kukutazama wewe, na ukiliona hilo, nyamaza, rudi nyuma, waache.

Hatua ya 4: Tafuta ufunguo (kimo cha wimbo) unaowafaa wote

Makosa ya walimu wa kwaya ni kuanza pale inapowafaa wao. Watoto wa miaka minane hadi kumi na mmoja huimba bila shida kuanzia sauti ya D iliyo juu ya C ya katikati ya kinanda hadi A hivi. Kina mama wa miaka sitini na zaidi sauti zao zimeshuka. Ukiwapandisha kwenye A hiyo watakaza shingo, kisha watanyamaza, na watasema wana mafua.

Mwache mama mkubwa kuliko wote aanze wimbo mwenyewe, bila kinanda. Pima sauti aliyoanzia kwa programu ya simu. Pandisha nusu hatua kwa nusu hatua mpaka watoto waifikie sauti ya chini kabisa ya wimbo bila kunguruma. Mama akianza kukunja uso, shuka moja, andika ufunguo huo daftarini, umalize. Wanaume wataimba chini zaidi wenyewe, hawahitaji kuambiwa. Kama mahadhi ni mapana mno, watoto wapewe kiitikio tu.

Jambo jingine: masikio ya uzeeni hupoteza sauti nyembamba kwanza. Mzee asiyekujibu huenda si mkaidi, hakusikia. Simama mbele yake, teremsha sauti yako badala ya kupaza, na ishara za kuanza na kumaliza zitoe kwa ngoma.

Hatua ya 5: Sasa ala, na ziwe za hapa

Mwaka wangu wa pili mfadhili mmoja alituletea magitaa manne. Watu ishirini, magitaa manne. Kwa wiki tatu tulichojifunza ni kupanga foleni. Wazee wenye vidole vilivyokakamaa walijitenga kimya kimya, na mmoja akaniambia, "Hicho chombo cha vijana, sisi tutakuja siku mkimaliza." Masika yalipopita, nyuzi zilikuwa zimeliwa na kutu ya upepo wa bahari na hakuna aliyekuwa na pesa za kununua nyingine.

Siku hizi naanza na kayamba, matari na ngoma mbili. Kayamba hutengenezwa kwa matete na mbegu, na mzee yeyote wa Kimijikenda atakuonyesha jinsi ya kuishika: haitikiswi ovyo, husukumwa mbele na kurudishwa kwa viganja, na vidole gumba ndivyo vinavyogonga. Mwenye maumivu ya vidole anaiweza. Ngoma nayo ina tabia zake. Wakati wa mvua ngozi hulegea na sauti ikawa kama ya kupiga godoro. Itoe juani nusu saa kabla ya darasa, au ipashe kando ya jiko, lakini weka mkono wako hapo kwanza. Mkono usipostahimili, ngozi nayo haitastahimili. Ikipasuka, tafuta fundi wa kuwamba, na mtume mtoto mmoja aende akatazame.

Udi uje baadaye, kwa wachache waliodumu. Una nyuzi kumi na moja kwa kawaida, shingo yake haina vigawanyo, na bila sikio lililozoea kuimba mtu atateseka bure.

Hatua ya 6: Wazee wafundishe, lakini kwa mpango

Ukimwambia mzee "tufundishe", atakuimbia wimbo wote mara moja, kwa kasi ya arusini, kisha atanyamaza akusubiri. Wapange wawili wawili, mzee na mtoto. Mtoto apewe kazi moja: arudi na mstari mmoja tu, pamoja na maana ya neno moja asilolijua. Wiki inayofuata, jozi zibadilishane mistari. Wimbo wa beti nne huchukua mwezi, na hakuna ubaya.

Kuna nyimbo za wanawake peke yao. Vugo na lelemama zina mambo yanayosemwa mbele ya wanawake tu, na mimi mwanamume sikai chumbani humo. Mwenzangu wa kike ndiye anayeongoza kipindi hicho, simu zote zikiwa kapuni mlangoni. Kabla ya kurekodi wimbo wowote, uliza mara mbili, siku mbili tofauti. Ile sheria ya Kenya ya 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi inaitambua jamii kuwa mwenyewe wa nyimbo hizi, lakini hata bila sheria, nakala ya kwanza mpe aliyeimba.

Hatua ya 7: Onyesho

Lifanyeni barazani au uani, jirani waje na viti vyao. Nyimbo tatu zatosha, kisha kahawa na mahamri. Vijana wanaotaka majukwaa makubwa waelekeze kwa walimu wao wa shule. Tamasha la muziki la taifa limekuwapo tangu 1927 na lina njia zake.

Mkialikwa kwingine, mwulizeni mwenyeji mambo matatu kwa maandishi kabla ya kukubali: nani analipa tuktuk za wazee, wataketi wapi, na wataimba saa ngapi. Ofisi moja ilitualika saa tatu asubuhi, tukaimba saa nane mchana juani, na nauli hadi leo ni ahadi. Mama yule wa ungo alivua leso yake, akawatandia watoto wakakaa juu yake, na yeye akasimama muda wote huo.

Jumamosi baada ya onyesho, usianze wimbo mpya. Tundika tena ile karatasi ya manila, msiimbe, pigeni makofi tu, uone ni nani bado anaimeza ile m.